Siagi Katikati ya Ngozi

Barua ya kunikataa niliisoma nikiwa nimesimama katikati ya nguruwe wawili waliotundikwa, ndani ya chumba cha baridi cha bucha ya baba yangu, Jumapili saa tano asubuhi. Nilikuwa nimetumwa mbavu za ng'ombe. Simu haishiki mtandao humo ila ukisimama kwenye ile kona ya nguruwe, na mimi nilisimama hapo kwa bahati mbaya tu.

Kukataliwa hakunitishi. Nina miaka thelathini na minne, na nimefundisha Kiingereza cha karne ya kumi na tatu kwenye vyuo vinne, kwa mikataba ya miezi tisa tisa, sawasawa na mimba, ila mwishoni hapatikani mtoto. Nimekataliwa na wahariri, nimekataliwa na wenye nyumba, nimekataliwa na mwanamume mmoja wa Shrewsbury aliyesema nanuka maktaba. Nikiletewa barua ya kukataliwa huwa naisoma mpaka chini, nachemsha chai, maisha yanaendelea.

Hii niliisoma mara tatu na sikuwaza chai.

Kazi yetu ina desturi yake. Ukipeleka makala kwenye jarida, mhariri analifuta jina lako, anawapa makala wasomaji wawili waihukumu, kisha hukumu zao anakuletea wewe baada ya kufuta majina yao. Kwa hiyo anayekuhukumu hakujui, nawe humjui. Tunaiita haki. Msomaji wa Kwanza alikuwa amenisifu. Msomaji wa Pili aliandika hivi:

"Mwandishi ana ufasaha, lakini hajui jambo ambalo sisi tuliokaa karibu na kitabu hiki tunalijua. Ukurasa wa mwisho ni wa ngozi ya kondoo, ilhali kurasa nyingine zote ni za ngozi ya ndama. Ngozi ya kondoo ni kama vipande viwili vya mkate vilivyopakwa siagi katikati: ukiikwangua, kipande cha juu kinabanduka na cha chini kinabaki na wino. Jina lililokwanguliwa pale ni la mwanamke. Nimelithibitisha katika andiko fupi litakalotoka Septemba. Makala isiyojua hili haifai kuchapwa."

Vipande viwili vya mkate vilivyopakwa siagi katikati.

Yale maneno niliyasikia yakitoka kinywani mwa baba yangu, Februari, kwenye maktaba ya kanisa kinapotunzwa kitabu nilichokiandikia ile makala, kitabu cha sala kilichonakiliwa kwa mkono juu ya ngozi. Nilikuwa nimechoka kuukodolea macho ukurasa ule wa mwisho, nikamleta yeye. Alinawa mikono mara mbili kama anayeingia chumba cha upasuaji, akainama, akanusa, akasema, "Huyu kondoo. Wenzake wote ndama." Kisha akaeleza habari ya siagi, maana ngozi ya kondoo ina mafuta katikati. Nikamulika tochi kwa ubavu, na pale palipokwanguliwa likajitokeza jina: Aldith. Aldith ndiye aliyenakili kitabu kizima, miaka mia nane iliyopita, na mtu fulani aliona haya kusoma sala zilizoandikwa na mwanamke, akachukua kisu.

Makala yangu nilikuwa nimeshaituma tangu Oktoba, kabla ya siku hiyo. Ndiyo maana Aldith hakuwemo. Na habari zake nilimwambia mtu mmoja tu duniani, jioni ile ile, huku tukila chipsi kwenye gari na mvua inapiga kioo. Laurence Thackray, msomi mwenzangu, alivua miwani, akanitazama kama vile mimi ndiye ukurasa, akasema, "Hester, una akili inayonitia hofu." Nilidhani hayo ni mapenzi. Labda yalikuwa.

Sasa huyo huyo Laurence alikuwa jikoni kwa baba yangu, hatua ishirini kutoka nilipo, amevaa aproni ya shangazi yangu yenye picha za bata, anamenya viazi. Alikuwa amekuja kuniposa.

Nilijua kwa sababu Shangazi Beryl alikuwa amenidaka mlangoni asubuhi ile. "Nimetundika koti lake," alininong'oneza. "Mkono wangu ukapita mfukoni kwa bahati mbaya."

"Mara ngapi, Shangazi?"

"Mara mbili. Kuna kiboksi. Sijakifungua. Nimekitikisa tu."

Na baba naye alikuwa amekubali, bila kusema. Tangu Pasaka alikuwa akimpinga Laurence. Alisema hawezi kumwamini mwanamume anayekula nyama kana kwamba anaisahihisha. Mama yake Laurence, huko Bath, naye alipoambiwa baba yangu ana bucha aliuliza kama ni bucha ya zamani yenye historia, ili apate pa kushika. Lakini zile mbavu nilizotumwa zilikuwa zimetundikwa wiki tano, na baba haziuzi. Mara ya mwisho alizikata siku ya harusi ya binamu yangu. Kwa lugha ya baba yangu, hiyo ni baraka.

Nikazibeba. Zilikuwa nzito kama mtoto.

* * *

"Umekawia," baba akasema tulipoketi mezani saa saba. "Nguruwe walikuwa na stori?"

"Walikuwa nayo."

Laurence alinitazama kutoka upande wa pili wa meza. Ana macho ya kijivu yanayotulia juu ya kitu mpaka kitu kijione cha maana. Tulipokutana Januari penseli yangu ilikatika, na maktabani hawaruhusu wino. Akanisogezea yake bila kusema neno, imetafunwa ncha, na mimi mtu mzima nikasahau nilichokuwa nanakili, kwa penseli ya mtu. Hata sasa, nikiwa na ile barua mfukoni, macho hayo yaliponigusa kitu kifuani kikageuka upande. Nilikichukia kitu hicho.

"Uko sawa, mpenzi?" akauliza.

"Nimepata barua. Makala yangu imekataliwa."

"Makala gani?" Uso wake ulijaa huruma ya kweli, na hapo ndipo iliponiuma zaidi. Hakuwa anaigiza.

"Niliyoituma Oktoba. Kabla sijakujua."

"Hukuniambia."

"Sikumwambia mtu. Nimeshakataliwa mara tisa, Laurence. Ya kumi nilitaka kuila peke yangu."

Baba aliweka kisu juu ya ubao. "Ndiyo ile ya kazi?"

"Ndiyo." Mkataba wangu unaisha mwezi wa saba. Chuo kilikuwa na nafasi moja ya kudumu, tumebaki wawili, na mwenzangu ana makala iliyokubaliwa. Mimi nilipewa mpaka Ijumaa nionyeshe yangu.

"Nani amekukataa?"

"Haandiki jina, Baba. Ndiyo desturi."

"Desturi ya ajabu. Mimi nikimuuzia mtu soseji mbovu, jina langu liko juu ya mlango. Anajua pa kurudi na fimbo."

"Niwasomee?"

"Mezani?" Shangazi Beryl akasema, lakini alikuwa ameshaweka uma chini na kujipanga kwenye kiti. Amefuatilia tamthilia za upelelezi miaka arobaini, alinusa kitu.

Nikasoma polepole, kama ninavyowasomea wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nilipofika "sisi tuliokaa karibu na kitabu hiki," uma wa Laurence ulisimama hewani na kiazi chake. Sikumtazama. Niliuona tu ule uma.

Nilipofika kwenye siagi, baba akasema, "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Hayo maneno yangu."

"Ndiyo, Baba."

"Niliyasema kule kanisani. Tulikuwa mimi, wewe, na yule mama wa funguo za maktaba."

"Mama wa funguo alikuwa ametoka kupokea simu."

"Basi huyu bwana ameyapata wapi?"

Shangazi Beryl aligeuza shingo taratibu, kama bundi. "Laurence, mwanangu," akasema, "mbona umekuwa rangi ya mafuta ya nguruwe?"

Kiazi kikaanguka kutoka kwenye uma, kikatua ndani ya mchuzi.

"Hester," akasema Laurence. "Sikujua ni yako. Naapa. Jina lilikuwa limefutwa."

"Najua lilifutwa."

"Ningejua nisingeandika vile."

"Ungeandikaje?"

"Ningesifu. Ni makala nzuri. Niliisoma nikaona wivu."

"Kwa hiyo ni nzuri ikiwa yangu, na haifai ikiwa ya mwingine."

"Sikusema hivyo."

"Kitabu ni hicho hicho ninachokaa nacho kila wiki. Ulidhani ni ya nani?"

Akavua miwani, akaifuta kwa ile aproni ya bata. "Nilidhani ni ya mzee mmoja wa kaskazini. Mwenye kiti chake cha uprofesa. Iliandikwa kwa kujiamini sana."

Nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilitoka kama chafya.

"Kwa kujiamini sana," nikasema, "kwa hiyo haiwezi kuwa ya Hester."

"Tafadhali, usiipindue."

"Naisoma kama ilivyo, ndiyo kazi yangu. Umechukua kitu changu, ukakigeuza rungu, ukamtafuta wa kumpiga, ukanipata mimi. Umeandika 'sisi tuliokaa karibu.' Sisi akina nani, Laurence? Mchana ule wewe ulikuwa Oxford kwenye kikao. Aliyekaa karibu ni mimi. Aliyenusa ni huyu."

Baba hakuwa amekasirika bado. Baba huwa anapima kwanza. "Hilo andiko fupi linalotoka Septemba," akamwambia Laurence, "jina la Hester limo?"

"Limo, mzee. Nilitaka kumwambia leo. Nilitaka iwe kama zawadi."

"Limo wapi?"

"Kwenye tanbihi ya kwanza."

"Tanbihi ni nini?"

"Ni maandishi madogo chini ya ukurasa, Baba," nikasema. "Yale ambayo watu hawasomi."

"Linasemaje?"

Laurence aliitazama sahani. Ana kumbukumbu nzuri mno, maskini. Hakuweza hata kujifanya amesahau. "Namshukuru Hester Pugh kwa mazungumzo yenye manufaa."

"Mazungumzo," Shangazi Beryl akasema. "Kama mtu mliyekutana kituo cha basi mkaongea habari za mvua."

"Na mimi?" Baba aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu.

"Nimeandika, 'kama wachinjaji wajuavyo.'"

Hapo ndipo baba alipokasirika. Alisukuma kiti nyuma kidogo. "Wachinjaji hawajui. Bob wa ng'ambo ya barabara ana bucha miaka ishirini na hajui. Wanaletewa mnyama ameshachunwa. Mimi najua kwa sababu babu yangu alikuwa mkwangua ngozi kule Craven Arms, na mimi nilikaa chini ya meza yake nikiokota mabaki. Na siagi si ya babu, ni ya kwangu mwenyewe. Niliifikiria pale pale ili binti yangu aelewe. Umesikia, kijana? Nilimtengenezea yeye."

"Nimesikia, mzee. Naomba radhi."

"Radhi mwombe huyo. Mimi nitaishi. Mimi sina Ijumaa."

Mbavu zilikuwa zinapoa, na hiyo peke yake nyumbani kwetu ni msiba.

Nikasema, "Inarekebishika."

Aliinua uso haraka. Wallahi, nilikuwa bado nampa nafasi. Mtu ambaye maisha yamempiga sana hujifunza kuacha mlango wazi kidogo, kwa sababu anajua baridi ya nje ilivyo.

"Mhariri mlisoma naye," nikasema. "Mpigie. Mwambie hukumu ya Msomaji wa Pili haifai, kwa sababu hicho anachodai mwandishi hakijui, alifundishwa na mwandishi huyo huyo. Kisha mwambie lile andiko fupi unaliondoa. Dakika tano."

"Leo Jumapili."

"Aldith amesubiri miaka mia nane, anaweza kungoja Jumatatu. Mimi nina siku tano tu."

"Nikisema hivyo nimekwisha, Hester. Mwezi ujao wanakaa kuamua uprofesa wangu. Wataniita mwizi."

"Watakuita mtu aliyekosea akasahihisha."

"Hawatasema hivyo, na unajua." Kweli, nilijua. "Nipe mpaka Jumanne. Nitafute namna ya kulieleza."

"Namna ni moja."

Akanyoosha mkono juu ya meza, akashika vidole vyangu. Mkono wake ulikuwa wa moto na unanuka maganda ya viazi, na nilitaka kuubusu na kuuvunja. "Sikiliza," akasema kwa upole. "Kuna njia nyingine. Tuliandike upya kwa pamoja, majina mawili. Mimi nina kazi ya kudumu, hutahangaika tena na mikataba. Tukioana, nani atajali kipi kilikuwa cha nani? Kitakuwa chetu."

Shangazi Beryl alifumba macho.

Nilijaribu kuisikia tena ile sentensi, nione kama nimeikosea. Tangu Februari nilikuwa nikilala naiwaza siku mwanamume huyu atakapotamka neno kuoana. Niliipanga mvua, niliipanga nguo ya bluu. Sikuipanga ije hivi, kama kipande cha bandeji.

"Ndiyo umeniposa hivyo?" nikauliza.

"Hapana. Nilikuwa na maneno mengine. Nilikuwa nimeyaandika."

"Naamini. Una mkono mzuri wa kuandika."

Nikavuta vidole vyangu.

"Mpigie sasa," nikasema, "kisha nisomee hayo maneno yako mengine. Nitayasikiliza yote. Lakini kwa mpangilio huo."

Alitoa simu, akaiweka mezani kando ya bakuli la haradali. Akaitazama. Sote tukaitazama, hata mbwa. Niliyaona macho yale ya kijivu yakienda kwenye simu, yakija kwangu, yakirudi kwenye simu, na mara ya tatu hayakuja kwangu.

"Jumanne," akasema. "Nakuahidi Jumanne."

Baba akainuka. Nilidhani atampiga, na Laurence naye nadhani alidhani hivyo, maana aliketi wima. Lakini baba aliichukua sahani ya Laurence yenye vile vipande vizuri visivyoguswa, akaenda nayo kwenye meza ya pembeni, akararua karatasi nyeupe ya bucha, akaipanga nyama, akaikunja kona kwa kona, akaifunga uzi kwa fundo lile analowafungia wateja tangu sijazaliwa.

"Ipashe kwa moto mdogo," akasema, akimkabidhi. "Robo saa tu. Ukizidisha itakauka."

"Mzee..."

"Hakuna anayeondoka hapa mikono mitupu. Koti lako liko mlangoni. Kila kitu kimo mfukoni. Dada yangu amehakikisha."

Laurence aliivua aproni ya bata, akaikunja vizuri sana, akaiweka juu ya kiti. Alinitazama kutoka mlangoni. Alikuwa mzuri, ndiyo, andikeni hivyo. Alikuwa mzuri na macho yamelowa, na lile furushi la nyama kalikumbatia kifuani kama kitabu cha kuazima. Angesema neno moja tu la kweli ningetoka naye bila viatu.

"Nitakupigia," akasema.

"Si mimi wa kupigiwa."

Gari lake lilikaa nje, mbele ya bucha, dakika kumi na tisa. Nilisimama nyuma ya pazia nikazihesabu. Kichwa chake kilikuwa kimeinama. Mara mbili mkono ulipanda sikioni na moyo wangu ukapanda nao. Mara zote mbili alikuwa anarekebisha miwani. Kisha taa za nyuma zikawaka, akaondoka.

Nililia kidogo. Nikamwambia Shangazi Beryl ni haradali.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Kali sana mwaka huu." Akanimiminia chai. "Hebu niambie. Yule wa kwanza aliyemkwangua huyo Aldith wenu, alipata faida gani?"

"Hakupata kitu, Shangazi. Aliharibu ukurasa tu."

"Hata huyu."

Nikaleta kompyuta, nikasukuma sahani pembeni, nikaanza kumwandikia mhariri. Sikutumia ufasaha. Nilieleza siku, saa, tochi, na jina la yule mama wa funguo aliyetuandikisha mlangoni, maana daftari lake lina tarehe, na lina majina yetu wawili na si la mtu wa tatu. Nikaambatanisha picha nilizopiga Februari. Nilikuwa na hasira, na hasira huandika haraka. Nikaongeza ukurasa mmoja ndani ya makala, juu ya Aldith. Ulitoka wenyewe.

Baba alikuwa anaosha visu. Yeye huviosha mwenyewe siku zote.

"Baba, jina lako kamili ni nani?"

"Unalijua. Clive Reginald Pugh. Kwa nini, wananishtaki?"

"Nakuandika."

Alikuja nyuma yangu, mikono inachuruzika maji, akainama kuangalia kwenye kioo. Hana miwani ya kusomea; anaikataa. "Uniweke huko chini kwenye vile vidogo," akasema. "Nani atanisoma mimi."

"Hapana," nikasema. "Ninakuweka juu, karibu na langu. Kama juu ya mlango wa bucha."

Alisimama hapo muda, maji yakidondoka kwenye bega langu. Kisha akasema mbavu zimepoa, na akaenda kuwasha oveni.